Jumanne jioni Moshi, kengele ikigongwa

Ikikaribia saa kumi na mbili jioni, Mlima Kilimanjaro hupenda kujitokeza. Mchana kutwa umejifunika mawingu, wageni wamekaa na kamera zao hadi wamechoka, kisha jua linapoelekea upande wa Arusha wingu linashuka na Kibo inachomoza juu ya mabati ya mji wa Moshi. Wenyeji hawasimami kuitazama. Wanakimbilia haisi za Majengo na za KCMC, wananunua ndizi za kesho, wanawahi nyumbani.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hawahi nyumbani siku hiyo. Ni Jumanne. Amefunga duka mapema, amebadilisha viatu nyuma ya kaunta, na sasa anavuka barabara karibu na mnara wa saa akiwa amemshika mkono mtoto wake wa kiume, mwenye miaka tisa. Kwa kawaida mtoto hubaki na dada wa kazi. Wiki hii dada amekwenda kwao msibani, na baba mtu yuko safarini na lori. Kwa hiyo mtoto anakwenda kwenye kikao cha watu wazima, na amekwisha kuonywa mara tatu kwamba hakuna kukimbia kati ya meza.

Kikao chenyewe ni cha klabu moja ya Rotary mjini hapo. Kinafanyika katika ukumbi mdogo wa hoteli, wenye viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa na feni moja inayozunguka kwa kelele. Kwenye meza ya mbele kuna kengele ya shaba na nyundo ndogo ya mbao. Mtoto anapita mstari mzima akisema shikamoo, shikamoo, shikamoo. Daktari anaitikia, mhasibu anaitikia, mwenye kampuni ya kupandisha watalii mlimani anaitikia, na mwanamke kijana wa benki anacheka kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza kuamkiwa hivyo na mtu anayemfika begani.

Kengele inagongwa. Rais wa klabu, ambaye cheo chake ni cha mwaka mmoja tu kuanzia Julai Mosi, anakaribisha wageni. Taarifa zinasomwa haraka haraka. Halafu linakuja jambo lililomfanya mtoto aache kuchezea kifuniko cha soda: anasimama mzee mmoja na kopo la bati, na kuanza kutoza faini watu wazima.

Mzee huyu ndiye sajenti wa klabu. Kazi yake ni utaratibu, lakini anaifanya kwa utani. Aliyechelewa, elfu moja. Aliyesahau pini ya klabu, elfu moja. Aliyekarabati duka lake na kupaka rangi mpya bila kuwaambia wenzake, elfu mbili, na hakuna rufaa. Ambaye simu yake italia katikati ya kikao, elfu tano. Yuko pia mama aliyesimama mwenyewe, bila kuitwa, akatumbukiza noti kwa sababu binti yake amefaulu kidato cha nne. Hiyo wanaiita pesa ya furaha. Mji wa Moshi wenyewe unasifika kwa usafi na kwa kumtoza faini anayetupa takataka barabarani, hivyo huenda watu wake wamezoea. Lakini mtoto hajawahi kuona mkurugenzi wa kampuni akiinamisha kichwa mbele ya kopo la maziwa ya unga.

Anamnong'oneza mama yake: hizo hela zinakwenda wapi? Swali hilo hilo ndilo alilouliza mama siku ya kwanza.

Mama huyu alikuja miaka miwili iliyopita akitokea kwenye vikoba. Kikoba anakijua: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, faini kwa aliyechelewa, hisa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, na mwisho wa mzunguko kila mtu anaondoka na chake. Alipoelezwa Rotary alitafuta mahali ambapo mgawo unatokea, asiupate. Aliporudi nyumbani alimweleza mumewe kwamba ni upatu ambao zamu yako haifiki. Mume aliuliza basi unakwenda kufanya nini. Ni swali la haki, na ndani ya nyumba hiyo bado halijafungwa. Ada ya mwaka ipo, chakula cha jioni kipo, mchango wa mradi upo. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto watatu ataitazama hesabu hiyo na kurudi kwenye kikoba chake, na hakuna wa kumlaumu. Klabu za aina hii zimebeba jina la kuwa za wenye nazo, na jina hilo halikutoka hewani.

Zilianza hivyo hasa. Februari 23, 1905, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu mjini Chicago, katika ofisi ya mmoja wao, chumba namba 711 cha jengo lililoitwa Unity. Walikuwa wanaume wenye shughuli zao, wapweke katika mji mkubwa. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kuzunguka huko ndiko kulikozaa jina Rotary. Mwaka 1930 klabu ilifunguliwa Nairobi, ya kwanza Afrika Mashariki, enzi za ukoloni. Wanawake walikaa nje kwa muda mrefu zaidi. Klabu ya Duarte, California, iliwaingiza wanawake watatu mwaka 1977 na ikafukuzwa kwa kosa hilo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1987 iliamua kwamba klabu haiwezi kuwazuia, na mwaka 1989 Rotary ilibadilisha kanuni zake kwa dunia nzima. Mama wa duka la vifaa vya ujenzi, mwenye pini kifuani, alikuwa tayari amezaliwa.

Siku hizi kanuni zinaruhusu klabu kukutana mara mbili tu kwa mwezi ikipenda. Hii ya Moshi imebaki na Jumanne zake zote. Sajenti anasema mtu akizoea kukosa wiki moja, ya pili haimuumi.

Mgeni mzungumzaji wa jioni hiyo ni mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kule tambarare, upande wa Hai kuelekea uwanja wa ndege wa KIA. Amekuja na basi dogo, na vumbi la kwao bado liko kwenye pindo la sketi yake. Hana picha za kuonyesha ukutani. Anasema kwa sauti ya chini kwamba wanafunzi wake hawacheki.

Ukumbi unatulia. Anaendelea: wanacheka, ila kwa kuziba mdomo na kiganja. Meno yao yana madoa ya kahawia, mengine yamemomonyoka. Mtoto mzuri, mwenye akili, akiitwa mbele ya darasa kusoma anasoma akiangalia chini. Wasichana wakifika darasa la sita na la saba ndiyo kabisa.

Wakazi wa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha wanalijua jambo hili. Milima hii ni ya volkano, na katika maeneo kadhaa maji ya ardhini yamebeba madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingine vya ukanda huu vinakipita mbali. Kiasi kidogo cha floraidi hulinda meno, lakini ikizidi huyaharibu yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya fizi, yaani tangu uchanga hadi miaka kama minane. Doa likishatokea, mswaki hauliondoi. Ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi, inafika kwenye mifupa. Na hapa mwalimu mkuu anasema jambo ambalo wazazi wengi hulisikia kwa mara ya kwanza: kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea. Mama anayechemsha kwa bidii kila asubuhi anaweza akawa anamkinga mwanawe na kuhara huku meno yakiendelea kuharibika.

Dawa zipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Dawa nyingine, rahisi zaidi kwa shule yenye paa kubwa la bati, ni mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba.

Mjumbe mmoja, mfanyabiashara mwenye moyo mkubwa, anapendekeza klabu ichimbe kisima kirefu pale shuleni. Anajua wafadhili, anajua kampuni ya kuchimba, na anaona tayari bango lenye nembo ya klabu. Mwalimu mkuu anamsikiliza kwa adabu. Anajibu kwamba kisima kirefu kitaleta maji yale yale. Halafu anaongeza, kama mtu anayekiri kosa, kwamba tangi la mvua wanalo. Lilijengwa zamani na wageni waliopita, la saruji, kubwa, zuri. Koki ilivunjika. Gata zikaanguka moja baada ya nyingine. Sasa ndani kuna majani na mijusi, na bango la waliolijenga bado limesimama.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Wengine waliona aibu kutengeneza mradi wa watu wengine: picha itapigwa nini, koki? Wengine waliuliza, na kwa haki, kama lile la kwanza lilikufa kwa kukosa matunzo, hili litapona kwa nini. Ukutani nyuma yao kulitundikwa yale maswali manne ya Rotary, aliyoyaandika Herbert Taylor mwaka 1932 alipokuwa akijaribu kuiokoa kampuni ya masufuria iliyokaribia kufilisika: kama jambo ni la kweli, kama ni la haki kwa wote, kama litajenga urafiki, kama litawafaa wote wanaohusika. Hakuna aliyeyataja. Mama wa duka alichukua kalamu na kuandika nyuma ya ratiba: gata mita kadhaa, vishikizo, koki, gundi, wavu wa kuzuia uchafu, siku mbili za fundi. Alisoma jumla kwa sauti. Ilikuwa ndogo kiasi cha kuwaudhi baadhi ya watu.

Walikubali. Mfanyabiashara wa kisima ndiye aliyechanga wa kwanza, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyeshindwa hoja mbele ya wenzake.

Wakati wa chai mtoto alikuwa na lake. Alikuwa amemtazama sajenti tangu mwanzo, jinsi anavyotembea akivuta mguu wa kushoto na mlio mdogo wa chuma kila hatua. Akamwendea. "Babu, mguu wako umefanya nini?" Mama yake alitamani sakafu ipasuke. Mzee akavuta kiti, akapandisha suruali hadi gotini, akamwonyesha vyuma viwili vilivyofungwa kwa mikanda ya ngozi. Alikuwa na miaka mitatu, akasema, akapata homa. Ilipoondoka iliondoka na mguu. Zamani hizo kijijini kwao hakukuwa na matone.

Vyuma hivyo vilitengenezwa KCMC, hospitali iliyo juu kidogo ya mji, ambako tangu mwaka 1981 kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa miguu bandia na vifaa vya viungo. Wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa miaka mingi polio iliwapa kazi isiyoisha. Mwaka 1988, dunia ilipoamua kuitokomeza, ugonjwa huu ulikuwa unapooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Rotary ilikuwa imeanza kabla, kwa kuchanja watoto wa Ufilipino mwaka 1979 na kisha kwa kampeni ya dunia nzima iliyozinduliwa mwaka 1985. Fedha kubwa zilitoka kwa serikali na wafadhili wakubwa, lakini nyingine zilitoka kwenye makopo kama hili la maziwa, elfu moja moja. Agosti 25, 2020, kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Leo virusi hivyo vimebaki vikizunguka Pakistan na Afghanistan.

Mzee hasherehekei sana. Mwaka 2022 virusi kutoka Pakistan vilikutwa kwa mtoto nchini Malawi, jirani tu hapo, na Tanzania ikalazimika kupita tena nyumba kwa nyumba na matone. Mwaka 2023 mtoto mmoja mkoani Rukwa alikutwa na aina nyingine, ile inayotokana na virusi dhaifu vya chanjo ambavyo huzunguka kwa muda mrefu na kubadilika mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Kwa hiyo mzee huuliza kila mzazi swali moja analokera nalo watu hadi harusini: kadi ya kliniki iko wapi? Si kama mtoto amechanjwa. Kadi iko wapi. Anasema wengi hujibu ndiyo kwa la kwanza, na kwa la pili huanza kufungua madroo.

Mama aliliona mwenyewe usiku ule. Kadi ya mwanawe ilikuwa ndani ya Biblia. Ya mdogo wake aliipata baada ya nusu saa, chini ya godoro, na nafasi moja haikuwa na tarehe.

Jumamosi iliyofuata pikapu ya duka ilitoka Moshi saa moja asubuhi. Barabara ya Arusha inashuka na kupanda kwenye mabonde ya mito iliyotoka mlimani: Weruweru, halafu Kikafu, kote kijani, migomba na kahawa upande wa juu. Ukishapita Kwa Sadala na Bomang'ombe nchi inabadilika kama umegeuza ukurasa. Migomba inakwisha, miti ya miiba inaanza, ng'ombe wa Wamaasai wanavuka bila haraka na vumbi linasimama wima kama nguzo. Mlima bado uko pale pale kulia, na theluji yake, mbele ya macho ya watu wasio na maji mazuri ya kunywa. Mtoto alikaa nyuma na daktari na mwanamke wa benki, akiwa amepewa kazi ya kushikilia gata zisiruke.

Kazi ilikwenda vizuri hadi saa nne. Koki waliyobeba ilikuwa ya nusu inchi. Mdomo wa tangi ulikuwa wa robo tatu. Mama wa duka, anayeuza vitu hivyo kila siku, alikaa chini ya mti na kucheka hadi machozi. Bodaboda akatumwa Bomang'ombe. Wakati wanasubiri, wazazi waliokuja kusafisha tangi waliketi na mwalimu mkuu kujadili ufunguo.

Mwalimu alitaka koki ifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae ofisini. Mama mmoja akauliza Jumamosi kama leo ofisi inafunguliwa na nani. Watoto wanakunywa siku saba, akasema, floraidi haina wikiendi. Baba mmoja alihofu kwamba bila kufuli watu watafulia nguo maji ya kunywa, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Baada ya mvutano mrefu ufunguo ulikabidhiwa mama anayeuza maandazi getini, ambaye yuko pale kila siku tangu alfajiri, na wa akiba ukabaki kwa mwalimu. Majina yao yaliandikwa kwa rangi kwenye tangi lenyewe. Daktari aliwaeleza mambo mawili ya kukumbuka. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati, kwa hiyo maji yake yamwagwe kabla bomba halijaelekezwa tangini. Na kwa kuwa tangi halitatosha shule nzima kiangazi chote, waanze na wadogo, darasa la awali hadi la pili, ambao meno yao ya kudumu bado yanajitengeneza.

"Na mimi?" mtoto wa Moshi aliuliza.

"Wewe umeshapita," daktari akamwambia. "Na bahati yako ulikunywa ya mjini."

Kuna mvulana wa rika lake aliyekuwa akisaidia kubeba mchanga, ambaye naye alikuwa ameshapita. Alisikia. Aliendelea kubeba mchanga. Wakati wa kuagana watoto hao wawili walichekeana, na mmoja alifunika mdomo.

Picha haikupigwa, maana simu ya katibu ilikuwa imeishiwa chaji. Tangi lilikuwa kavu bado, na mbingu nyeupe. Wakarudi.

Zikapita Jumanne tatu. Ajenda zilikuwa za kawaida: miti ya kupanda, mkutano na vijana wa Interact wa shule za sekondari, deni la ukumbi. Mama wa duka alikuja peke yake, dada akiwa amesharudi, na mtoto wa mdogo amepata tone lake lililokosekana. Jumanne ya nne, mwisho wa Machi, joto lilikuwa limekaza mji mzima. Sajenti alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na kopo lake, akimtoza mhasibu kwa kosa la kunyoa ndevu bila taarifa, simu ilipolia.

Watu waligeuka kutafuta mkosaji. Ilikuwa mfukoni mwa sajenti.

Aliitazama, akasita, akapokea. Walisikia sauti ya mwanamke lakini si maneno, kwa sababu nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na kishindo kikubwa, kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati. Mzee alisikiliza. Akauliza kama ya kwanza wameimwaga. Akasikiliza tena, akasema haya mwalimu, haya.

Kisha akaweka simu mfukoni, akatoa noti ya elfu tano, na kuitumbukiza kwenye kopo mwenyewe.